Majora Manane: Niliyoyaona Katika Mafunzo ya Kiwandani

(Mazungumzo haya yalitolewa na mwanachama wetu, mwanafunzi wa chuo kikuu, katika darsa la vijana la baada ya Alasiri. Tumeyaacha karibu na alivyoyasema.)



Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.) aliyetujaalia kuufikia tena mwezi huu mtukufu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Wazee wangu, mama zangu mlioko upande wa pili wa pazia, na vijana wenzangu. Nilipoambiwa nizungumze nilidhani nitapewa mada ya fadhila za kumi la mwisho. Amiri akaniambia la, hayo maalim watayaeleza vizuri zaidi kuliko wewe. Wewe tueleze ulichofanya kule kiwandani, manake wapo vijana hapa wanaotafuta nafasi kama hizo na hawajui waendako kuna nini. Basi nitajaribu. Na nawaomba mapema mniwie radhi, kwa sababu sehemu kubwa ya maneno haya si ya kujisifu.

Mimi nasomea ununuzi na ugavi. Kila nikitaja hivyo nyumbani, bibi yangu huuliza: "Kwani kununua nako kwasomewa?" Chuo kikuu humtaka kila mwanafunzi akae kazini miezi kadhaa, sisi twaita atachimenti, na mimi nilipata kiwanda kimoja cha nguo cha EPZ hapa hapa Mombasa, kuanzia Januari hadi Aprili mwaka 2024. EPZ ni yale maeneo yaliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1990. Kiwanda kilichomo huingiza malighafi yake bila ushuru, kwa sharti kwamba kinachotengenezwa kiende kuuzwa nje ya nchi. Kwa hivyo suruali inashonwa na mama wa Mikindani au Changamwe, lakini huyo mama hataiona dukani Mwembe Tayari, labda ije miaka kadhaa baadaye ndani ya robota la mitumba.

Kabla sijaingia, nilidhani kiwanda cha nguo ni cherehani nyingi katika chumba kimoja, basi. Kumbe cherehani ni mwisho wa safari. Suruali tuliyokuwa tukishona mimi ilikuwa ya pamba, ya rangi ya udongo. Kitambaa kimetoka China. Zipu haikutoka kiwanda kilichofuma kitambaa. Vifungo vina njia yake, uzi una njia yake, lebo ya shingoni mwa shati au kiunoni mwa suruali ina njia yake, na mnunuzi ndiye anayesema kila kimoja kitoke kwa nani. Katoni tu ndizo zilizokuwa za hapa nyumbani. Kikikosekana kimoja, vyote vinangoja. Niliona siku moja suruali elfu mbili zilizokamilika zimelala mezani siku tatu kwa ajili ya kikaratasi cha bei kisichofika ukubwa wa kiganja.

Mtu atauliza, na pamba yetu je? Lamu si wanalima pamba? Wanalima. Lakini kati ya pamba shambani na kitambaa kilichofumwa, kikatiwa rangi na kupimwa, kuna viwanda ambavyo sisi ama hatuna au tunavyo vichache mno kwa wingi unaotakiwa. Na ile sheria ya Marekani ya mwaka 2000 inayoitwa AGOA iliziruhusu nchi kama yetu kushona kwa kitambaa kilichotoka popote na bado kuingiza nguo kule bila ushuru. Si jambo dogo hilo, kwani suruali ya pamba kwa kawaida hutozwa kule asilimia 16.6. Muda wa sheria hiyo ulifika kikomo Septemba 2025 na maneno yake yakawa mengi, lakini mwaka 2024 ndiyo iliyokuwa ikiwalisha wale akina mama niliowakuta. Mimi binafsi naona ni aibu kwetu kwamba miaka 20 na zaidi ilipita na kitambaa bado tunangojea kwenye kontena. Ila hiyo ni mada nyingine.

Tena mwaka ule mambo yalikuwa yamebana. Tangu Novemba 2023 meli zilikuwa zikishambuliwa katika Bahari ya Shamu, na makampuni mengi ya meli yakaamua kuikwepa njia ya Bab el-Mandeb na mfereji wa Suez, yakazunguka rasi ya kusini kabisa mwa Afrika. Kitambaa chetu hakikuhusika, kwani kutoka China hadi Kilindini hakipiti huko. Safari ya kwenda ndiyo iliyorefuka, kwa siku kumi hivi au zaidi. Na mnunuzi hakusogeza tarehe yake. Hizo siku kumi zikatolewa ndani ya kiwanda, yaani kwetu.

Sasa niwaeleze mambo mawili yaliyonistaajabisha, halafu nifike kwenye yangu.

La kwanza ni sindano. Fundi wa cherehani sindano ikimvunjikia, hapewi nyingine hivi hivi. Ni lazima avitafute vipande vyote, hata ncha iliyo ndogo kuliko punje ya mchele, avilete vyote, vipangwe kama sindano kamili na kubandikwa kwenye daftari kwa gundi ya plasitiki, pamoja na tarehe na namba ya mashine. Kipande kikikosekana, nguo zote zilizo karibu hutengwa na kupitishwa kwenye mashine inayotambua chuma. Nilimwona dada mmoja amepiga magoti dakika arubaini na sumaku akitafuta ncha. Kwa nini? Kwa sababu huenda ile ncha ikamchoma mtoto wa watu New Jersey ambaye hatamjua milele.

La pili ni ukaguzi wa mwisho. Mzigo wa nguo 9,000 haukaguliwi wote. Kwa kipimo kinachotumika sana, mkaguzi huchagua 200. Akikuta zenye kasoro 10, mzigo unapita. Akikuta 11, mzigo wote unarudi. Nguo moja! Nilipokuwa nikiwaona wanavyomtazama mkaguzi akihesabu, nilikumbuka sisi tunavyongoja matokeo ya mtihani.

Haya. Mimi niliwekwa stoo ya kitambaa, chini ya mzee mmoja aliyekuwa ameifanya kazi hiyo tangu mimi sijazaliwa. Mkristo, mtu wa bara, mtaratibu sana. Kitambaa huja kwa majora, kila jora mita 100 hivi, na juu yake kuna karatasi ya kiwanda kilichofuma, imeandikwa urefu, upana na rangi. Karatasi ile haiaminiwi moja kwa moja. Katika kila majora kumi unachukua angalau moja, unalipandisha kwenye mashine yenye taa, unalifungua mwanzo hadi mwisho ukitazama kasoro. Kila kasoro ina alama zake: isiyozidi inchi 3 ni alama moja, na ikipita inchi 9 ni alama nne. Halafu unapima upana sehemu tatu, mwanzo, katikati na mwisho, unaandika kwenye fomu na kutia sahihi. Mzee naye anatia yake chini.

Hapo ndipo nilipopenda kazi hii, na nitasema kwa nini. Chuoni maalim wetu alitusomesha kidogo elimu ya hadithi. Fulani amepokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka afike kwa Mtume (S.A.W.). Wanavyuoni hawakutazama maneno peke yake, walimtazama kila mtu katika ile silsila: mkweli? mwenye hifadhi? alikutana kweli na anayedai kupokea kwake? Mmoja akithubutu kusema uongo, riwaya yote inaanguka, hata kama waliobaki ni mabingwa. Basi nikaona kiwandani ni vile vile. Anayekata kitambaa hapimi upana, anaiamini maka, ile karatasi ndefu iliyochorwa vipande vyote vya suruali. Anayechora maka hashuki stoo, anaiamini fomu. Fomu inamwamini aliyeshika futi. Nilimweleza mzee jambo hili akafurahi sana, akawa ananiita "maalim".

Wanafunzi wenzangu mtakaokwenda atachimenti, hii ndiyo faida mtakayoipata, kuliko chai ya kupeleka ofisini. Ombeni muonyeshwe karatasi moja tangu inapozaliwa hadi inapofikia. Mtajifunza zaidi kuliko muhula mzima.

Ramadhani ikaingia mwezi Machi. Mfungo wa nane likashushwa kontena la kitambaa cha suruali 9,000. Majora yalikuwa 115, kwa hivyo ya kukagua yalikuwa 12. Mzee alikuwa bandarini kushughulikia makaratasi ya kontena jingine. Stoo ina joto mnalolijua la Machi, paa la bati, na mimi daku nilikuwa nimeipitiwa na usingizi. Nikafungua jora la kwanza, inchi 57. La pili, 57. La tatu, la nne, 57. Saa tisa ikagonga. Nikajiambia kontena moja, kiwanda kimoja, rangi moja, yatakuwa na tofauti gani? Nikakaa chini nikaandika fomu nane zilizobaki. Na ili zisifanane mno, wallahi nasema hili mkiwa mashahidi, nilibadilisha kidogo hesabu ya kasoro. Huku nimefunga. Hata tone la maji sikuthubutu kulimeza nilipokuwa nikitawadha Alasiri.

Mzee aliporudi, nikampa. Kwa kawaida alikuwa akichagua fomu mbili tatu na kupima mwenyewe. Siku ile alichoka, akachukua kalamu, akasema akicheka: "Wewe umefunga, huwezi kunidanganya." Akatia sahihi zote kumi na mbili.

Kumbe ndani ya yale majora 115 kulikuwa na mafungu mawili. Arubaini hivi yalikuwa ya fungu jingine, upana wake inchi 55 na nusu. Inchi moja na nusu, ndugu zangu, haifiki hata urefu wa kidole gumba. Lakini maka imechorwa kwa 57, na wachoraji hawaachi nafasi, vipande vimebanwa mpaka ukingoni. Wakatandaza kitambaa tabaka juu ya tabaka, wakalinganisha ukingo wa upande mmoja kama kawaida, wakakata. Vipande vya ukingo wa pili katika matabaka ya kitambaa chembamba vikatoka na upungufu. Mguu wa suruali umekatika ubavu. Ilikuwa Jumamosi, na walioona walinyamaza kwanza, kila mmoja akidhani ni kosa lake.

Basi kazi ikasimama. Ikabidi majora yote yapimwe, maka nyingine ichorwe kwa kitambaa chembamba, na maka ya upana mdogo hula kitambaa kingi zaidi kwa kila suruali. Hesabu ya mwisho ikaonyesha tutapungukiwa na suruali karibu 400, ilhali mkataba uliruhusu upungufu wa asilimia 3, yaani 270. Laini ya cherehani iliyokuwa imepangiwa kazi hiyo, watu 34, wengi wao akina mama, ikakaa siku mbili haina vipande vya kushona. Kisha vipande vilipopatikana wakaitwa wafidie, na siku waliyoitwa ikawa ni Jumapili ya Pasaka. Malipo ya siku ile walilipwa. Lakini bonasi ya mwezi, ambayo hutolewa laini ikifikia kiwango, ilipotea. Shilingi 300 kila mmoja. Mwenye duka la simu anaweza kucheka shilingi 300. Mama anayepanga chumba kimoja na ana watoto wawili hacheki.

Na mzee akaandikiwa barua ya onyo, kwa sababu sahihi ya chini ni yake.

Siku tano nilinyamaza. Nilikwenda tarawehe zote, tena safu ya mbele. Mzee alikuja mara moja tu, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kijana, ulifungua majora mangapi?" Nikamjibu, "Mzee, kumi na mbili." Akaniangalia, akasema, "Haya," akaondoka. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa amekwisha kuyatazama yale majora. Jora lililofunguliwa kwenye mashine halirudi likakazwa kama lilivyotoka kiwandani. Alihesabu manne. Akajua nimemdanganya, na bado hakunitaja kwa meneja. Alimwambia mwenzake kwamba kijana ana barua ya chuo kikuu, akiharibiwa jina mapema hatapata kazi popote.

Tunaisoma sura ya Al-Mutaffifin tangu wadogo, na mimi daima niliiona kama inawahusu wenye maduka ya mchele na mizani. Usiku wa mfungo wa 17 imamu alipoisoma, nilitaka kutoka kwenye swala. Kuna kisa maarufu cha Imam Abu Hanifa, ambaye alikuwa mfanyabiashara wa nguo mjini Kufa. Alimpa mshirika wake mzigo akamwambia kuna nguo moja ina aibu, ukiiuza mweleze mnunuzi. Yule akasahau, na aliyenunua hakujulikana tena. Imam akaitoa sadaka thamani ya mzigo wote. Yule mshirika alisahau tu. Mimi sikusahau chochote.

Asubuhi nikaenda kwa meneja wa uzalishaji, nikamweleza. Sitaki mdhani kulitokea mambo ya ajabu. Hakunisifu kwa ukweli wangu. Alinyamaza, akaniuliza kwa nini leo na si Jumamosi, na sikuwa na jibu. Atachimenti yangu ikakatwa wiki mbili kabla ya muda, na kwenye daftari langu la chuo kikuu akaandika yaliyotokea kama yalivyo. Nilipita somo lile kwa alama za chini kabisa. Barua ya mzee haikufutwa. Meneja alisema, sahihi ni sahihi. Wakaongeza karatasi tu kwenye faili yake kueleza kisa kilivyokuwa.

Mzee nilimwomba radhi stoo, mbele ya vijana wa kubeba. Alisema, "Nimekusamehe, lakini mimi si wewe uliyenikosea zaidi. Nenda kule kwenye laini." Nikaenda saa ya chakula cha mchana. Wengine walinisikiliza, wengine waliendelea kula. Dada mmoja Muislamu, naye amefunga, hakula wala hakunitazama. Mama mmoja akaniuliza: "Samahani yako itanunua unga?"

Nilimpigia maalim wangu kumwuliza, manake nilikuwa nikijiambia nimeshatubia, mwezi wenyewe ni wa toba. Akanijibu kwamba toba ya dhambi iliyo baina yako na Mola wako ni jambo moja, na haki za waja ni jambo jingine. Haki hurudi kwa mwenyewe au mwenyewe akusamehe kwa ridhaa yake. Nikamwambia bonasi haikuwa mfukoni mwangu, mimi sikula pesa ya mtu. Akaniuliza, "Ingekuwapo kama ungefungua majora manane?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi unajua."

34 mara 300 ni shilingi 10,200. Kwa mwanafunzi ni nyingi. Nilianza baada ya Idd, kwa kufundisha watoto hesabu jioni, nikawa natuma kwa M-Pesa mmoja mmoja kwa nambari nilizopewa na supavaiza wao. Wachache walinirudishia wakasema wamesamehe. Yule mama wa unga alipokea na kuniuliza kwa nini nimechelewa. Mzee wa stoo huwa bado namtembelea. Ameniambia fomu ya ukaguzi imeongezwa safu mpya, ya kuandika majora ambayo hayakukaguliwa, na kwamba anayeandika ukweli pale haulizwi kwa ukali. Yeye ndiye aliyeiomba.

Wamebaki watu 11. Wengi wao walikwisha kuacha kazi pale, au nambari zao hazipatikani tena, na kiwanda hakiwezi kunipa wanapoishi. Pesa zao ninazo, nimeziweka mbali. Kwa hivyo nilipokubali kuzungumza leo nilikuwa na haja yangu pia, na amiri anaijua. Akina mama wengi wa mitaa hii wamepitia vile viwanda. Ikiwa yupo upande ule wa pazia aliyekuwa laini ya 4, mwezi wa Machi 2024, ile suruali ya rangi ya udongo, au ana jirani, shemeji, mpangaji mwenzake aliyekuwapo, Muislamu au Mkristo, namwomba amwachie dada yetu anayegawa tende jina na nambari. Mimi nitakuwapo mlangoni baada ya Maghrib.

Naona tende zimeshaanza kupita, na nilionywa nisiwacheleweshe watu na futari.